Kaya zilizohamishwa na maji ya ziwa: mwongozo kamili kwa kamati za mitaa na vijiji vya Kigoma

Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutolea maji, Mto Lukuga ulioko upande wa Kongo. Mito inayoingia ni mingi, Malagarasi ukiwa mkubwa kwa upande wetu, lakini unaotoka ni huo mmoja. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji hayana pa kwenda ila kupanda ufukweni. Ndivyo ilivyokuwa tangu 2020, na mwaka 2024 yakapanda tena: mialo kama Kibirizi na Katonga ikaingiliwa, na huko ng'ambo watu wa Bujumbura na Kalemie nao wakahama.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo misaada mingi huisahau. Mafuriko ya mto huja usiku, yakabomoa, na baada ya siku chache matope yamekauka. Maji ya ziwa huingia polepole, kisha yakakaa miezi, pengine miaka. Anayekwambia "tunasubiri yapungue turudi" hasemi uongo, ila hajui atasubiri hadi lini, na wewe mwenye kamati hujui pia. Kwa hiyo kila kitu kilichomo humu kimepangwa kwa dhana moja: kaya hairudi pale pale. Unga wa wiki mbili ni mwanzo tu. Kazi yenyewe ni kuifikisha kaya mahali pengine ikiwa na paa, karatasi zake na kitu cha kufanya.

Mwongozo huu ni kwa watu wanaojikuta na jukumu hilo bila kuajiriwa kwalo: mjumbe wa mtaa, mama wa kikundi cha hisa, katibu wa msikiti, mzee wa kanisa, mwalimu ambaye darasa lake limejaa magodoro. Wakimbizi walioko kambini, kama ya Nyarugusu, wana utaratibu wao chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na kikundi cha mtaa kisipeleke kitu huko kwa kujiamulia. Haya ni ya kaya zilizoko mitaani na vijijini.

Hatua ya kwanza: jueni mnafanya kazi chini ya nani

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya mpaka kata, kijiji na mtaa. Maana yake ni kwamba kamati ya mtaa ipo kisheria hata kama haijawahi kukutana. Msianzishe nyingine pembeni. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, ulizeni wajumbe ni akina nani, na mkikuta nafasi zimekaa wazi, zijazwe kwenye kikao chenye muhtasari ulioandikwa.

Watu saba wanatosha. Wakizidi hapo, vikao vinakuwa vya kusalimiana. Angalau watatu wawe wanawake, na mmoja awe mtu aliyehamishwa na maji mwenyewe, si mwakilishi wa kumsemea. Mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti. Ni jambo la kuona aibu kulisema kikaoni, kwa hiyo lisemwe siku ya kwanza, kabla jina la mtu yeyote halijatajwa.

Kabla ya kuchangisha fedha nje ya mtaa, pelekeni barua kwa mtendaji wa kata ieleze mnachangisha nini, kwa nani na akaunti ipi, mrudi na nakala yenye muhuri. Akaunti iwe na watia sahihi watatu. Namba ya simu ya mtu binafsi isitumike kupokea michango hata kama mwenye namba ni mtu wa kuaminika kiasi gani. Mwaminifu naye anahitaji kulindwa na maneno ya watu.

Hatua ya pili: daftari

Nitakaa hapa, kwa sababu misaada inayoharibika huharibikia hapa. Unga huwa unapatikana. Kinachogombanisha watu mpaka wanasusiana misiba ni nani kaandikwa na nani kaachwa.

Anzeni na maana ya kaya. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mzee mwenye wake wawili katika nyumba mbili, kila mmoja na jiko lake, ana kaya mbili, na kila mama aandikwe kwa jina lake. Vijana wanne wa boti waliopanga chumba kimoja na kupika pamoja ni kaya moja. Kijana aliyeoa lakini bado anakula kwa mama yake hajawa kaya, hata akinung'unika.

Kisha kuna makundi matatu yanayosahaulika karibu kila mara.

La kwanza ni wapangaji. Nyumba ikiingia maji, mwenye nyumba ndiye anayejulikana na balozi, ndiye anayeandikwa. Lakini godoro, sufuria na dagaa waliokuwa kwenye magunia vilikuwa vya mpangaji. Mwandike mwenye nyumba kwenye safu ya nyumba, na mpangaji kwenye safu ya mali iliyopotea. Wote wawili ni waathirika, kwa namna tofauti.

La pili ni waliopokelewa na ndugu. Hapa kwetu wengi hawaendi kulala shuleni. Wanakwenda kwa shangazi Mwanga au kwa kaka Gungu. Wakishaingia ndani ya nyumba ya ndugu, hawaonekani tena. Kaya iliyowapokea nayo inaanza kuumia kimyakimya: sufuria iliyokuwa ya watu watano sasa ni ya watu kumi na mmoja. Andikeni kaya mwenyeji pembeni ya kaya iliyohamia, na katika mgao wa chakula mwenyeji apate kitu.

La tatu ni wasiokuwepo siku ya kuandikisha: wavuvi walioko kambi za mbali, mama aliyelazwa hospitali ya Maweni na mtoto, wachuuzi waliopanda treni. Waachiwe nafasi na majirani wawili wawatolee ushahidi.

Daftari liwe gumu, la kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kubana. Kila kaya ipewe namba, na namba hiyo ndiyo itumike hadi mwisho, kuanzia tiketi ya unga hadi bati la mwisho. Safu ziwe hizi: jina la mkuu wa kaya na la mwenzi wake, idadi ya watu kwa umri, watoto chini ya miaka mitano wakihesabiwa peke yao, mpangaji au mwenye nyumba, hali ya nyumba, kazi aliyokuwa akifanya, alipo sasa, simu na jina linalotokea ukituma fedha kwenye simu hiyo, mashahidi wawili. Mwisho acheni safu pana isiyo na kichwa cha habari. Itajaa yenyewe.

Hali ya nyumba iwe na daraja tatu tu. Imeanguka au iko ndani ya maji. Imesimama lakini haikaliki. Maji yaliingia yakatoka. Mkiongeza daraja la nne mtakuwa mnabishana juu ya ufa wa ukuta hadi Isha. Wanaokwenda kukagua wawe watatu: mjumbe mmoja, mwanamke mmoja na mtu wa mtaa mwingine asiye na ndugu hapo. Waone kwa macho. Asiandikwe mtu kwa kupiga simu.

Kuna mambo hayaingii kwenye daftari la wazi. Anayetumia dawa za kufubaza virusi, anayetibiwa kifua kikuu, binti aliyefanyiwa ukatili: hayo yashikwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii au afisa ustawi wa jamii wa kata. Kamati inachohitaji kujua ni kwamba kaya namba fulani ina mtu wa kufikishwa zahanati wiki hii.

Orodha ikikamilika, isomwe kwenye mkutano wa hadhara, jina kwa jina na daraja la nyumba, kisha ibandikwe ofisi ya mtaa bila namba za simu. Toeni siku tatu za pingamizi. Hapo ndipo kaya hewa hufichuka, kwa sababu mama anayeuza vitumbua pale kona anajua nani alihama mwaka jana kabla hata maji hayajafika. Pingamizi lipokelewe na mtu asiye mjumbe wa kamati. Imamu, mchungaji au mwalimu mkuu anafaa. Na jina likifutwa, lisifutwe kwa kalamu nyeusi nzito. Lipigwe mstari mmoja, sababu iandikwe pembeni, sahihi mbili ziwekwe.

Watakuwepo na watu wasio na karatasi za uraia. Mwambao huu una watu waliovuka kwa vizazi. Mgonjwa atibiwe na mtoto ale kwanza. Suala la uhamiaji ni la mtendaji na vyombo husika, si la mgawa unga.

Hatua ya tatu: wiki mbili za kwanza

Maji ya kunywa yanatangulia chakula. Viwango vinavyotumika duniani katika huduma za dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote, yaani kaya ya watu sita inahitaji madumu manne na nusu ya lita 20 kila siku. Vyoo ni kimoja kwa watu 20. Siku za mwanzo hali ikiwa mbaya, kimoja kwa watu 50. Tatizo la ufukweni ni kwamba shimo ukilichimba linajaa maji kabla hujamaliza, na choo kilichofunikwa na ziwa ndicho kinachochafua maji ya kunywa ya mtaa mzima. Kwa hiyo msichimbe karibu na maji. Ombeni vyoo vya shule, msikiti au soko, wekeni mtu wa kuvisafisha, mlipeni.

Mei 2015 maelfu ya Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kilizuka humo kwa sababu hiyo hiyo: watu wengi, vyoo vichache, na maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa. Ikabidi meli ya MV Liemba ifanye safari za kuwaleta Kigoma mjini, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa Nyarugusu. Watu wa Kigoma wa umri wa kutosha hawahitaji kuhubiriwa kuhusu hilo.

Maji ya ziwa yachujwe kwa kitambaa safi, yachemshwe au yatiwe dawa kama pakiti inavyoelekeza, yasubiri nusu saa. Anayeharisha maji maji apelekwe kituo cha afya mara moja. Njiani apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Vyandarua viende sambamba na maji, maana Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na mtoto anayelala ubarazani ataugua kabla ya wiki kuisha.

Sasa chakula. Kipimo cha kawaida ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Gramu 400 za unga, gramu 100 za maharage na gramu 30 za mafuta, na sukari kidogo, zinakufikisha hapo. Kwa kaya ya watu sita, siku 14, hiyo ni kilo 33.6 za unga, kilo 8.4 za maharage, kilo mbili na nusu za mafuta. Chumvi ya gramu tano kwa mtu kwa siku inafika karibu nusu kilo. Andikeni hesabu hiyo ukutani ili kila mtu ajue haki yake.

Watu wa huku wanakula ugali wa muhogo, na hakuna sababu ya kuagiza sembe kutoka mbali eti ndiyo chakula cha msaada. Muhogo unashibisha sawa na mahindi, lakini protini yake ni ndogo sana. Mkigawa muhogo, ongezeni maharage au wekeni dagaa. Mafuta yawe mawese: yanakamuliwa hapa hapa, na wekundu wake unabeba vitamini A ambayo watoto wanaihitaji. Fedha ya mfadhili ikinunua mawese ya mama wa Simbo inakuwa imesaidia mara mbili.

Nguo za mitumba kutoka mjini zitakuja tu, hata msipoomba. Humo mtakuta suti, gauni la harusi, na viatu vya mguu mmoja. Pokeeni kwa heshima, chambueni faraghani, msimpe mtu kitu ambacho ninyi wenyewe mngeona haya kukivaa. Kinachohitajika kweli ni khanga, taulo za kike, nguo za ndani mpya, sabuni, sufuria, ndoo yenye mfuniko na tochi.

Hatua ya nne: pa kulala

Ndugu kwanza, kama nafasi ipo na mwenyeji anasaidiwa. Shule iwe ya mwisho, tena kwa tarehe ya kutoka iliyoandikwa, kwa sababu kila darasa lililojaa magodoro ni watoto hamsini na zaidi wasiosoma. Kipimo cha chini ni mita za mraba tatu na nusu kwa mtu. Kaya ya sita inataka kama 21. Turubai la kawaida la msaada ni mita nne kwa sita, linapita hapo kidogo likitandazwa, ila likiinuliwa kuwa paa linafunika pungufu. Kwa kaya kubwa hesabuni mawili.

Wanaolala pamoja ukumbini watengwe kwa kaya, si wanaume huku na wanawake kule. Mama aliyetenganishwa na mumewe na kaka zake usiku ndiye anayesumbuliwa. Taa iwe njia ya chooni. Mtoto anayeonekana yuko peke yake asichukuliwe na msamaria yeyote akamlee, hata awe mtu wa dini. Ataarifiwe afisa ustawi wa jamii, na namba ya huduma kwa mtoto ni 116, bure. Kwa ukatili wa kijinsia kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Hatua ya tano: siku ya mgao

Asubuhi, kivulini, isiwe Ijumaa wala siku ya gulio. Tiketi zenye namba ya kaya zigawiwe jana yake. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wana foleni yao, na wapo vijana wa kuwabebea mzigo hadi nyumbani. Kilo 33 si mchezo kwa bibi wa miaka sabini.

Tumieni mizani. Kupima kwa sado au debe ndiko kunakozua "wa fulani ameshindiliwa, wangu amepulizwa." Mpokeaji aone mshale mwenyewe, asaini au aweke dole gumba. Wagawaji wawe wawili wawili, na kati yao mmoja mwanamke. Hili si la mapambo. Mwanaume mmoja mwenye funguo za stoo mbele ya mabinti wenye njaa ni hatari inayojulikana, na anayeombwa chochote ili apewe mgao wake aambiwe wazi siku hiyo pa kusema. Rushwa ya aina yoyote, namba ya TAKUKURU ni 113.

Atakuja mama ambaye jina lake halimo. Asifukuzwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi nimeachwa, na nyumba yangu iko majini wote wanaiona."

"Mama, leo siwezi kutoa kisichokuwa na namba. Keshokutwa saa mbili wakaguzi watakuja mpaka ulipo. Jina lako nimeliandika hapa, litazame."

Aone kalamu inaandika. Na keshokutwa waende kweli.

Hatua ya sita: fedha badala ya vitu

Baada ya wiki mbili swali ni moja: sokoni kuna bidhaa? Ukikuta unga, mafuta na sabuni zipo Kibirizi na Mwanga kwa bei ya kawaida, acheni kununua magunia. Toeni fedha. Mama anajua kama anahitaji unga au daftari za shule, na mwenye duka wa mtaa anabaki na biashara. Ambako boti ndiyo njia pekee, kama vijiji vingi vya kusini mwa Uvinza, bidhaa zinaweza kukauka, na huko vitu bado vina maana.

Fedha zipitie simu, mkiongeza ada ya kutolea juu ya kiasi, la sivyo kila kaya inakatwa kwa wakala. Kizingiti ni laini. Watu wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, ndiyo maana daftari lina ile safu ya jina linalotokea. Jina likiwa la mume aliyeko Kalemie, ulizeni kabla ya kutuma. Asiye na laini achague mwenyewe wa kumpokelea, wasaini wote wawili.

Kaya zilizokuwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF zisiondolewe kwenye msaada wa maafa kwa kisingizio kwamba "wao wanapata". Ruzuku ile ilikuwa ya umaskini wa kabla ya maji. Kinachotakiwa ni kumjulisha mratibu kwamba kaya imehama mtaa, malipo yasije yakaikosa.

Hatua ya saba: karatasi

Hii huonekana ndogo hadi mtoto anapokataliwa mtihani au mtu anaposhindwa kudai kiwanja. Karatasi zilizolowa zisibanduliwe zikiwa mbichi, wala zisianikwe juani. Zikaushwe kivulini zikiwa zimelala, kisha zipigwe picha. Zilizopotea, pateni taarifa ya upotevu polisi kwanza, ndipo NIDA kwa kitambulisho na RITA kwa cheti cha kuzaliwa. Kamati iandae barua moja ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa kwa kila kaya yenye namba ya daftari, na mwenye baiskeli au bodaboda apeleke zote kwa pamoja. Watu thelathini kupanda daladala mmoja mmoja ni nauli ya kutosha kulipia nakala zote.

Mtoto aliyehamia kata nyingine aanze shule wiki hiyo hiyo, barua ya uhamisho ifuate nyuma. Elimu ya msingi haina ada; sare isiwe kisingizio cha kumrudisha.

Hatua ya nane: kiwanja, kisha nyumba

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kamati ikisaidia mtu kujenga upya ndani ya hizo mita, imemjengea nyumba ya kubomolewa, na maji au na serikali, kitakachowahi. Nguo ngumu hiyo kuivaa mbele ya mzee ambaye baba yake alizikwa pale pale, lakini semeni mapema na semeni wote kwa kauli moja.

Mjini, andikeni maombi ya viwanja kwa manispaa kwa orodha moja, siyo kila mtu na barua yake. Vijijini, ardhi hugawiwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu, basi fuatilieni ajenda iingie. Mkinunua kwa mtu binafsi, mkataba upitie serikali ya mtaa, wauzaji wote wa familia wasaini, mke wa muuzaji akiwemo. Kiwanja kipya kiandikwe majina ya mume na mke. Mjane aandikwe peke yake, na shemeji asitajwe kwenye karatasi hata kwa kusimamia.

Kisha nyumba. Vifaa vitoke kwa awamu, mwenye nyumba akijenga mwenyewe na fundi wake. Awamu ya kwanza mawe, mchanga na saruji ya msingi. Msingi uinuke juu ya ardhi, na maji ya paa yapate njia. Mkaguzi akishauona, ndipo zinatoka fedha za tofali na fundi. Bati na mbao ni za mwisho. Bati likitangulia huuzwa, na anayeuza si mwizi: ana mtoto mgonjwa na mabati kumi chini ya kitanda. Mpango ndio uliomweka kwenye mtihani huo.

Vijana wa mtaa wakubaliane siku ya msaragambo kwa nyumba za wazee na wajane, chakula kikitoka mfuko wa kamati. Fundi alipwe. Kujitolea ni kwa kubeba mawe, si kwa mtu anayeishi kwa mwiko wake.

Hatua ya tisa: kazi

Rudini kwenye safu ya "kazi aliyokuwa akifanya". Mchuuzi wa dagaa anahitaji mtaji wa mzunguko mmoja na vichanja vya kuanikia huko alikohamia. Msimpeleke kwenye mafunzo ya kushona vikapu kwa sababu mfadhili anayapenda. Mvuvi anaweza kuhitaji nyavu halali, lakini angalieni kalenda: mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazozunguka ziwa. Nyavu zikitolewa kuelekea mapumziko kama hayo zitakaa ndani, au zitauzwa. Miezi hiyo kaya za wavuvi zinahitaji kazi nyingine: kukamua mawese, kutengeneza sabuni ya mawese, bustani za mboga kando ya mabonde, usafi wa mitaro.

Toeni ruzuku kwanza, mkopo baadaye. Mtu asiye na paa akipewa mkopo ataula, kisha atawakimbia. Ruzuku itoke mara mbili: nusu mwanzoni, nusu baada ya kuona biashara imesimama. Baada ya hapo mwingizeni kwenye kikundi cha hisa, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kilichosajiliwa kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka. Kikundi kikishakomaa, ndipo kinaweza kuomba mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango. Mwende na katiba, muhtasari na akaunti ya kikundi, maana bila hivyo mtarudishwa.

Wazee wasioweza biashara na watu wanaouguza wasilazimishwe kuwa wajasiriamali. Kwao ni ruzuku ya kila mwezi kwa muda uliotajwa, na jitihada za kuwaingiza TASAF dirisha la utambuzi likifunguliwa.

Hatua ya kumi: kufunga hesabu

Kila mwezi bandikeni karatasi moja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na namba za kaya zilizonufaika. Karatasi moja, kwa herufi za kusomeka na mtu aliyesimama.

Kaya itolewe kwenye mpango ikishatimiza mambo manne: inalala mahali pasipofikiwa na maji, watoto wako shuleni, karatasi kuu zimepatikana, na ina kipato kinachonunua chakula bila mgao. Tarehe iandikwe kwenye ile safu pana. Kaya ambazo baada ya mwaka hazijatimiza hata mawili zipelekwe kwa ustawi wa jamii wa halmashauri kwa barua, zikiwa na historia yao yote kutoka daftarini, zisianze kusimulia upya mbele ya meza nyingine.

Daftari lenyewe likabidhiwe kwa mtendaji wa kata kwa hati ya makabidhiano, na nakala ibaki kwa mtu asiye mwanasiasa. Turubai zilizorudi zioshwe, zikaushwe kabisa, zikunjwe na kuhesabiwa. Zikae stoo yenye kufuli na majina ya washika funguo yabandikwe mlangoni kabla ya Oktoba, mvua zinapoanza.